Shawa Isiyo na Kizingiti: Dalili Iko Juu, Chanzo Kiko Chini ya Vigae

Shawa ya kuingia moja kwa moja, isiyo na beseni wala kizingiti cha kuvuka, kwa macho ni kazi ndogo: sakafu, kioo kimoja, bomba ukutani. Kumbe kizingiti kilikuwa kinaficha mengi. Ukishakiondoa, kosa lolote la mteremko, la trapu (kile kikombe cha bomba chini ya tundu la sakafu, kinachobakiza maji ya kuzuia harufu) au la kuzuia maji linatoka nje na kutembea hadi mlangoni. Nimeanzia kwenye dalili kwa sababu watu wengi hutafuta maelezo wakati zulia la chumba cha jirani limeshalowa. Kama bado hujaanza kujenga, basi kila dalili hapa igeuze kuwa swali la kumuuliza fundi kabla hajafungua mfuko wa saruji.

Ombi moja: weka pembeni ile silikoni. Nusu ya shawa mbovu zina tabaka tatu za silikoni zilizopakwa kwa hasira, na maji yanapita vilevile. Usianze na "maji yanatokea wapi", anza na "yanatokea lini". Maji huingia kwenye kona hii, yakajipitia chini ya vigae, yakatokea kwenye dari mita mbili mbali. Mahali hudanganya sana kuliko saa.

Ukigusa bomba unahisi umeme

Hili halisubiri zamu yake. Ukihisi kutekenywa na koki, na bomba, au hata na maji yenyewe, toka, zima umeme kwenye swichi kuu, na hita isiwashwe tena mpaka fundi umeme aipime. Mara nyingi kiini cha hita kimetoboka na kinavujisha umeme kwenye maji, huku waya wa kuupeleka umeme ardhini haupo au umekatika. Nyumba yenye hita bafuni inahitaji vyote viwili: waya wa ardhini ulio mzima, na kile kikata umeme kinachohisi mvujo wa miliampia 30 na kujizima chenyewe. Fundi akikwambia "hako ni kadogo tu, utazoea", tafuta fundi mwingine.

Unyevu upande wa pili wa ukuta, au doa kwenye dari ya chini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, maana watu huvunja kabla ya kupima. Shawa ina maji ya aina nne, na kila moja lina saa yake: maji ya presha yaliyo kwenye mabomba wakati wote, maji ya bomba linalopanda kwenye kichwa cha shawa (hilo hupata presha ukifungua tu), maji machafu yanayoshuka kwenye trapu, na maji yanayolowanisha sakafu na kuta. Yatenganishe moja moja. Kwanza acha shawa ikae kavu siku mbili tatu, kisha chora mstari wa penseli kuzunguka ukingo wa doa. Bila mstari huo utabishana na mwenzako kama doa limekua au la.

Kama doa linaendelea kukua ingawa hakuna anayeoga, shuku mabomba ya presha. Funga koki zote, funga pia koki ndogo ya tangi la choo (hilo hunywa maji kimyakimya na kukupoteza), kisha tazama mita. Ikizunguka, kuna bomba linavuja. Kipande cha sakafu chenye joto lisiloeleweka kinaelekeza kwenye bomba la maji moto.

Mita ikitulia, ng'oa kichwa cha shawa, ziba mdomo wa bomba kwa kizibo chenye nyuzi, halafu fungua miksa (koki inayochanganya maji moto na baridi) kwa dakika kumi na tano hivi. Hakuna tone linalogusa sakafu, lakini bomba lililo ndani ya ukuta lina presha. Unyevu ukijitokeza sasa, kosa liko kwenye kiwiko au kwenye maungio yaliyo nyuma ya vigae, pengine pale pale kichwa cha shawa kinapofungiwa. Hilo ni tatizo la vigae viwili vitatu, si la bafu zima.

Kipimo cha tatu ni cha trapu. Ingiza mpira wa maji ndani kabisa ya tundu la sakafu, umwage ndoo kadhaa bila kulowanisha vigae. Kama chini panafikika, zungushia karatasi ya chooni kwenye kila ungio la bomba. Karatasi huonyesha tone ambalo jicho halilioni. Mvujo wa trapu hujitokeza upesi, ndani ya dakika.

Mwisho ndiyo sakafu. Ziba tundu, mimina maji kwa utulivu hadi vigae vya karibu na tundu vifunikwe sentimita moja au mbili, bila kurushia kuta, na usubiri. Huenda ukasubiri saa nyingi, kwa sababu maji haya hupita polepole kwenye saruji. Doa likijitokeza baada ya hapo, utando wa kuzuia maji umetoboka, au haukuwekwa. Sakafu ikipona, rudia kwa kurushia kuta pekee, ukuta mmoja kwa wakati, ukianza na kona na lile bamba la miksa.

Watu wengi hawaambiwi hili: vigae na grauti (ile saruji ya kujazia mistari kati ya vigae) havizuii maji. Vinapunguza tu. Grauti ya saruji hunywa maji kila unapooga, hata ikiwa mpya na nzuri. Kinachozuia maji ni utando ulio chini ya vigae, na lazima uwe mzima kama beseni: ukwee ukutani, uwe na mkanda wa kuimarisha kwenye kila kona, uwe na kola inayoushika kwenye trapu, na kola nyingine kila mahali bomba linapochomoza. Kwenye kuta za shawa ufike juu ya kichwa cha shawa. Fundi aliyepaka sakafu tu na kuishia sentimita tano ukutani amejenga sahani, na sahani humwagika.

Vilevile kuna utando uliokuwa mzuri ukauawa na drili. Rafu ya sabuni, kishikio cha mzee, bawaba ya kioo: kila skurubu inayotoboa ukuta wa shawa inatoboa na utando. Tundu hujazwa silikoni kabla skurubu haijaingia, si baada ya kukazwa.

Maji yanatuama baada ya kuoga

Matone yaliyotapakaa ni kawaida. Dimbwi ambalo bado lipo asubuhi si kawaida.

Mimina kikombe cha maji pembezoni uone yanakokimbilia, kisha weka gololi mahali dimbwi linapokaa. Baada ya hapo weka pima maji ndefu (kile kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa) kutoka ukingo hadi kwenye tundu. Unatafuta mteremko wa sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita. Chini ya sentimita moja maji huzubaa. Ukizidisha sana, mtu anahisi amesimama kwenye paa.

Kama dimbwi limezunguka tundu lenyewe kama pete, huenda mteremko ni mzuri ila kichujio kimekaa juu ya vigae. Kichujio kinatakiwa kiwe chini ya kigae kwa milimita moja au mbili. Baadhi ya trapu zina shingo ya kurekebishwa. Nyingine zitakudai uondoe vigae vinne na kuanza upya hapo.

Dimbwi likiwa katikati ya kigae kimoja kikubwa, au maji yakikwama kwenye mdomo wa kigae kilichoinuka, lawama ni ya aliyechagua vigae. Tundu la katikati linataka sakafu ishuke kutoka pande nne, na kigae cha sentimita 60 kwa 60 hakipindi. Ama kikatwe mishazari, ama utumie vigae vidogo vya sentimita tano vinavyofuata umbo la sakafu, ama uhamie kwenye mfereji mrefu kando ya ukuta, ambao unahitaji mteremko wa upande mmoja tu. Kwa anayependa vigae vikubwa, mfereji ndilo jibu, na ningemshauri asipoteze muda kwenye mengine.

Lakini ikiwa sakafu nzima iko bapa, tatizo lilianza kabla ya vigae, siku ambayo hakuna aliyehesabu kina. Fanya hesabu hii sasa kama hujajenga. Tuseme ukingo wa mbali uko sentimita 120 kutoka kwenye tundu: mteremko wa asilimia mbili unakula sentimita 2.4. Trapu yenyewe inahitaji sentimita nane hadi kumi kwenda chini, kulingana na aina. Bomba la milimita 50 linalotembea mita tatu hadi kwenye bomba kuu la maji machafu, kwa mteremko uleule, linakula sentimita sita. Jumla umefika sentimita 16 hadi 18 chini ya uso wa vigae, na zege la ghorofa nyingi halina nafasi hiyo. Ndipo fundi anapoanza kuiba: anapunguza mteremko wa sakafu hapa, anapunguza wa bomba pale, na wewe unapewa bafu bapa.

Kuna njia halali za kutoka. Sogeza shawa karibu na bomba kuu, au nunua trapu fupi (ujue kwamba maji yake ya kuzuia harufu ni machache, kwa hiyo hukauka upesi), au inua sakafu ya bafu zima na kuweka ngazi ndogo mlangoni. Zote zikishindikana, kubali kizingiti cha sentimita tatu. Kwa nyumba isiyo na mtu wa kiti cha magurudumu, kizingiti kifupi kinachofanya kazi ni bora kuliko sakafu nzuri ya picha inayolowanisha korido.

Maji hayashuki, au yanashuka kwa shingo upande

Nywele na sabuni, mara tisa kati ya kumi. Toa kichujio, toa kikombe cha trapu, safisha, rudisha. Sindano ya plastiki yenye meno inafaa kuliko dawa. Ukitumia dawa, usichanganye kamwe ya asidi na ile ya klorini ya kung'arishia. Zikikutana hutoa gesi ya sumu, na bafu ni chumba kidogo.

Trapu ikiwa safi na bado maji yanapanda, pima unachomwaga. Weka ndoo ya lita kumi chini ya shawa na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa dakika nzima, unatoa lita kumi kwa dakika, na karibu kila trapu itamudu. Ikijaa kwa sekunde 25, ile sahani kubwa ya kunyesha mvua inamwaga lita 24 kwa dakika, na trapu ndogo inaanza kuzidiwa. Uwezo wa trapu huandikwa na mtengenezaji kwa lita kwa sekunde: 0.4 ni lita 24 kwa dakika. Linganisha namba hizo mbili kabla ya kununua kichwa cha shawa.

Na kama choo kinagugumia wakati shawa inashuka, acha kuhangaika na trapu. Bomba kuu limeziba kwa mbali au halina bomba la kupumulia, lile la kuingiza hewa.

Harufu

Inuse vizuri, kwa sababu kuna harufu mbili. Ya maji taka hutoka tunduni: mimina lita moja ya maji, na ikikoma ujue trapu ilikuwa imekauka. Bafu la wageni linalokaa wiki kadhaa bila kutumika litafanya hivyo kila mara; kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya maji ya trapu huchelewesha kukauka. Harufu ikirudi siku hiyohiyo, ama kuna aliyesafisha trapu akasahau kurudisha kikombe au mpira wake, ama maji ya trapu yanavutwa kila choo kinapoflashiwa kwa kukosa bomba la kupumulia.

Harufu ya pili ni ya udongo uliolowa, ya kitu kilichooza taratibu. Hiyo haitoki tunduni. Rudi kwenye sehemu ya unyevu.

Maji yanatoroka nje ya eneo la kuogea

Hapa hakuna kinachovuja, ni vipimo. Kioo kimoja cha sentimita 90 hakiwezi kumkinga mtu anayejisuuza nywele kwa nguvu. Shawa isiyo na mlango inapendeza ikiwa na urefu wa karibu mita moja na robo tatu, kioo cha sentimita 120 hivi, na nafasi ya wazi ya kuingilia ya sentimita 55 au 60. Kiti cha magurudumu kikihusika, acha 90. Kichwa cha shawa kielekee ukuta au kioo, kamwe kisielekee mlango. Kama umeshajenga, jaribu kwanza bure: geuza kichwa, punguza presha, badili sahani ya mvua kwa kichwa kinachorusha maji wima. Halafu ndipo ufikirie kuongeza ubawa mdogo wa kioo wa sentimita 30.

Kioo chenyewe kiwe cha kuimarishwa kwa joto, milimita nane au kumi. Hakikatwi wala kutobolewa tena baada ya kuimarishwa, hivyo vipimo vichukuliwe vigae vikishakaa, si kutoka kwenye mchoro. Kioo kilichopasuka chenyewe usiku mara nyingi kilikuwa kimegusana na chuma au kigae mahali padogo bila mpira katikati.

Maji yakitambaa sakafuni badala ya kuruka, ujue sakafu ya nje ya kioo imeelekea mlangoni. Ndiyo sababu bafu la aina hii linahitaji utando wa kuzuia maji sakafu nzima, siyo ndani ya kioo tu.

Maji moto, baridi, moto, baridi

Presha mbili zisizolingana. Kila mita kumi za urefu hutoa bar moja (kipimo cha presha), kwa hiyo tangi lililo mita tatu juu ya kichwa cha shawa linakupa bar 0.3 tu. Maji baridi yakija kutoka bomba la mtaa kwa bar tatu na ya moto kutoka tangi hilo, ya baridi yanayasukuma ya moto yarudi yalikotoka. Yote mawili yatoke chanzo kimoja, au yawekewe pampu moja, na miksa iwe ya kudhibiti joto yenye valvu za kuzuia maji kurudi nyuma. Miksa hiyo ikishindwa kabisa kutulia tangu siku ya kwanza, uliza kama bomba la moto na la baridi hayakubadilishwa pande. Inatokea kuliko mafundi wanavyopenda kukiri.

Presha ikipungua polepole kwa miezi, ng'oa kichwa cha shawa. Bomba likitema kwa nguvu, kichwa kina chokaa: kiloweke kwenye siki usiku mmoja. Likiwa dhaifu, safisha vichujio vidogo vilivyo nyuma ya miksa. Hita ya papo kwa papo inayozimika katikati ya kuoga nayo mara nyingi inalalamikia maji machache, si umeme.

Kigae kinalia, grauti inapasuka, unga mweupe

Gonga kila kigae kwa sarafu. Sauti nzito ni njema. Sauti ya mtungi mtupu ina maana gundi iliwekwa vidonge vitano badala ya kupakwa kote. Kwenye shawa gundi ifunike karibu mgongo wote wa kigae, asilimia 95, kwa sababu mapengo yale hugeuka visima vidogo. Kigae kimoja kinacholia lakini hakitikisiki, kiache. Vikiwa safu nzima, na grauti inachomoka kwa kucha, usipake mpya juu yake.

Ufa unaofuata kona ya ukuta na sakafu hauna siri: nyuso mbili zinacheza tofauti, na grauti haichezi. Ichokoe, weka silikoni. Hapo ndipo mahali pake halali. Ondoa ya zamani yote kwanza, kausha, kwa sababu silikoni mpya haishiki juu ya kuukuu, na uiache saa 24 bila maji.

Unga mweupe unaorudi kila ukifuta ni chumvi za saruji zilizobebwa na maji. Kwenye bafu jipya hukoma baada ya muda. Kwenye bafu la miaka mitatu ni taarifa kwamba kuna maji yanaishi chini.

Ukungu na utelezi

Ukungu ni hewa: feni iendelee robo saa baada ya kuoga, na mlango uwe na upenyo wa sentimita moja chini ili hewa ipate pa kuingilia. Utelezi ni chaguo la duka: vigae vya kung'aa si vya sakafu ya shawa. Omba vilivyopimwa kwa miguu mitupu, daraja B au C. Vidogo husaidia pia, kwani mistari ya grauti inashika nyayo. Mbao au chuma cha kushikilia vishikio vya baadaye kiwekwe ndani ya ukuta sasa, na upige picha ukiwa umeweka futikamba ukutani, ili siku ya drili mjue mabomba yako wapi.

Kipimo kabla ya kigae cha kwanza

Fundi akishamaliza utando na ukakauka, mwambie asimame. Zibeni tundu, jengeni kizuizi cha muda mlangoni kwa mifuko ya mchanga iliyofungwa nailoni, jazeni maji hadi sentimita tatu kwenye sehemu ya juu kabisa ya sakafu. Bandika ukanda wa gundi ukutani, chora mstari kwenye uso wa maji, andika saa. Weka ndoo ya maji kando, nayo uichore mstari, ili ujue ni kiasi gani kimeondoka kwa kukauka tu. Rudini baada ya saa 24. Shawa ikishuka sawa na ndoo, vigae vianze. Ikishuka zaidi, hakikisheni kwanza kizibo chenyewe hakikulegea, kisha angalieni kola ya trapu, halafu kona za chini. Rekebisheni, subirini ikauke, jazeni tena. Malipo ya hatua hiyo yatoke baada ya maji kukaa.